Mawe yapanda, mchele washuka: mashine mpya ya kukobolea mpunga hapa Pemba

Mpunga wangu wa masika mwaka huu sikuupeleka kwenye mashine ya chuma tuliyoizoea. Nimeupeleka kwenye ile mpya, kando ya barabara ya Chake kwenda Wete. Nimekwenda mara tatu. Mara mbili nilirudi na mchele ambao sijapata kuuona ukitoka kwenye shamba langu, na mara moja nilirudi na mchele wenye mawe. Watu mtaani wananiuliza kama ni bora waihame ile ya zamani. Nawajibu ndiyo, waihame, ila wasimimine mpunga wao mle kabla ya kutazama trei zinavyotikisika.

Mie nimesomesha fizikia sekondari miaka 27, na kabla ya fizikia nilisomeshwa ungo na mama yangu. Ndiyo maana nilipoingia pale sikukaa kwenye benchi na wenzangu. Nilisimama mbele ya trei mpaka fundi akaniletea kiti.

Kwanza hesabu, maana najua wengi mnaitaka. Mara ya kwanza nilipeleka mapolo mawili ya Supa, kilo 146 kwa mizani yao. Malipo ni shilingi 150 kwa kilo ya mpunga, nikatoa 21,900. Nilirudi na kilo 94 za mchele mzima, kilo 6 za chenga kwenye mfuko wake, na pumba safi isiyochanganyika na kumvi, yaani maganda ya mpunga. Mashine ya chuma ingenipa mchele na chenga mfuko mmoja, na pumba iliyosagika pamoja na kumvi, ambayo hata kuku huichakura wakaiacha. Mpunga wenyewe ulikuwa mkavu vizuri: niliuanika kwenye jamvi siku tatu nikiugeuza, na punje ukiiuma ilikatika kwa mlio. Mpunga wenye maji zaidi ya asilimia 14 hivi hupondeka, na uliobabuka juani hupata nyufa ukatoka chenga tupu. Hapo mwenye mashine hana kosa.

Sasa twende ndani.

Kitu cha kwanza mpunga unachokutana nacho ni trei ya kutoa mawe. Ni bati lenye vitundu vidogo vidogo, limeinama, linatikisika mbele na nyuma, na chini yake feni inapuliza upepo kwenda juu. Mpunga unamwagwa kati. Unateremka kama maji na kutokea upande wa chini. Mawe yanapanda. Yanapanda kweli, moja moja, hatua ndogo ndogo, mpaka ncha ya juu kabisa, yakadondoka kwenye kopo. Msichana mdogo aliyekuja na bibi yake alinivuta baibui: "Mwalimu, mbona mawe yanapanda mlima?" Nilifurahi kuulizwa hivyo kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa darasani.

Nilimwambia aweke kiganja juu ya mpunga ausikie upepo. Upepo ule umepimwa: unatosha kuubeba mpunga usikae sawasawa juu ya bati, lakini hautoshi kulibeba jiwe. Kwa hivyo mpunga unaelea, na kinachoelea hakisikii bati linavyokwenda, kinafuata mwinamo tu. Jiwe linazama, linakamata bati, na kila mtikiso unalisukuma juu kidogo. Mtikiso ni mmoja kwa wote, mwinamo mmoja, upepo mmoja, na bado wawili hawa wanakwenda pande mbili tofauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anataka kulitia jiwe lake mwenyewe. Tuliokota nje, tukalitia, likapanda.

Baada ya hapo mpunga unapita kwenye roli mbili za mpira zinazozunguka kwa kasi mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoivua punje ganda lake. Hatua hii haina mengi. Roli haziwezi kuvua punje zote, kwa hivyo kinachotoka ni mchele uliokobolewa pamoja na chuya, yaani zile punje zilizobaki na maganda. Na hapa ndipo nilipomkumbuka mama.

Mama alikuwa na mikono miwili kwenye ungo. Mmoja wa kurusha juu, upepo uchukue kumvi. Wa pili wa kuzungusha, taratibu, mpaka chuya zote zikakusanyika katikati juu ya mchele, akazichota mara moja kwa ncha za vidole. Nilipokuwa na miaka minane au tisa nilitaka nimalize haraka nikacheze, nikawa nautikisa kwa nguvu. Akanishika mkono. "Usiupige, mwanangu. Ukiupiga unaukoroga. Uzungushe mpaka uone wenyewe unakaa."

Unakaa wenyewe. Nimesoma fizikia miaka mingi baadaye ndipo nikaelewa uzito wa maneno yale. Punje zikitikiswa, nafasi hufunguka baina yao kwa kitambo kidogo sana. Kilicho kidogo huwahi kuiziba nafasi iliyo chini yake. Kilicho kikubwa hakiwahi, kwa sababu nafasi ya kukitosha haifunguki. Kwa hivyo kila mtikiso vidogo vinashuka hatua na vikubwa vinabaki juu. Mwaka 1987 watafiti wanne, Rosato, Strandburg, Prinz na Swendsen, waliliweka jambo hili kwenye kompyuta wakiuliza kwa nini katika njugu mchanganyiko zile kubwa za Brazil hujitokeza juu. Na ukubwa si peke yake: wepesi na ukwaru wa ngozi navyo vina kazi. Chuya ni nene kuliko punje iliyovuliwa, ni nyepesi kwa umbo lake, na ina ngozi ya kukwaruza. Kila sababu inamwambia akae juu.

Trei ya kutenganisha ya mashine hii inafanya kazi ya mkono wa pili wa mama, kwa njia nyingine. Imejaa vishimo kama vya kidole, imeinama pande mbili, na inakwenda huku na huku. Mchele mzito unaoteleza unazama mpaka chini, unaingia kwenye vishimo, na vishimo vinausukuma upande wa juu. Chuya zinabaki juu ya mchele na kuteleza upande wa chini. Kati yao kuna mkanda wa vilivyochanganyika, nao unarudishwa ukapite tena. Ukitazama kwa dakika kumi unaona rangi tatu zimejipanga: ukahawia hafifu wa mchele usiosuguliwa bado huku, manjano ya maganda kule, na mchanganyiko katikati. Hakuna mtu aliyechagua punje hata moja.

Nilimwomba fundi anionyeshe kitu kimoja, na nampa heshima yake kwa kukubali wakati watu wanasubiri. Trei ilipokuwa tupu, inatikisika, nilitupa juu yake gao moja tu la mchanganyiko. Punje zilirukaruka, zikatawanyika, chuya na mchele wakaenda pamoja ovyo. Hazikupangika hata kidogo. Kisha akaachia mchanganyiko mpaka kimo kikawa kama unene wa vidole viwili, na baada ya dakika chache mikanda mitatu ikatokea. Punje moja peke yake juu ya trei haina juu wala chini. Chuya haiwezi kuelea kama hakuna mchele wa kuelea juu yake. Mpango ule hauko ndani ya punje, uko baina yao, na unahitaji wingi.

Tena unahitaji kutikiswa bila kukoma. Tofauti yake na vitu vingine vinavyojipanga ni hii. Maji yakiganda, chembe zake zimejipanga na zitabaki hivyo ukiyaacha kwenye baridi. Mchele haujipangi kwa joto la hewa, kwa sababu kuinyanyua punje moja kwa kimo cha urefu wake kunataka nishati kubwa zaidi ya mara trilioni 300 kuliko ile ambayo chembe huipata kutokana na joto la chumba. Ukiliacha polo uchagoni mwaka mzima, punje hazitasogea. Lazima uwepo mkono wa nje unaotia nishati, na kila punje zinapogongana nishati ile inapotea ikawa sauti na joto. Fundi akizima swichi kila kitu kinasimama hapohapo. Mifumo ya namna hii, iliyo mbali na msawazo, yaani hali ya kutulia, na inayojipanga kwa sababu tu nishati inapita ndani yake, ndiyo iliyompa Ilya Prigogine Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Faraday alikwishachungulia mlango huo mwaka 1831 alipotazama mchanga na unga vinavyojikusanya vilima juu ya sahani inayotetemeka. Bibi zetu walikuwa nao kwenye ungo kabla ya wote hao, nami nalisema hili kwa fahari.

Mchele ukishasuguliwa unapita kwenye chekecheke ya mwisho inayotoa chenga. Hapa niliona kitu ambacho sikukitarajia mashineni. Kwenye kona ambapo mchele ulikuwa umetandaa safu moja tu, punje ndefu za Supa zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu, safu baada ya safu, kama samaki waliopangwa kwenye sinia. Nilimwita fundi aje aone. Anafanya kazi pale kila siku, na akainama akatazama kwa muda mrefu bila kusema.

Hili nalo limechunguzwa. Mwaka 2006 Vijay Narayan na Sriram Ramaswamy wa Bangalore, pamoja na Narayanan Menon wa Massachusetts, walitandaza safu moja ya vijiti kwenye sahani inayotetemeka juu na chini, wakaangalia umbo la kijiti linafanya nini. Vijiti vya mviringo vilivyokatwa sawasawa vilielekea kujipanga kwa pembe mraba, vingine hivi, vingine vile. Vilivyochongoka ncha vilielekea upande mmoja. Kisha wakatia mchele wa basmati, ambao umbo lake liko baina ya hayo mawili, nao ukaonyesha dalili za nguvu za kujipanga matabaka matabaka. Mchele wa kawaida, wa kupikia biriani. Nilipolisoma jambo hilo zamani niliwasomea wanafunzi wangu kidato cha nne, lakini sikuwahi kuliona kwa macho yangu mpaka siku hiyo pale mashineni.

Nyumbani nilijaribu. Nilikiweka kifuniko cha bati juu ya spika ya mjukuu wangu, nikakisawazisha kwa vipande vya karatasi, maana kikiinama kidogo tu mchele wote hukimbilia upande mmoja. Nikapiga sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo inatosha bati lipande na kushuka sehemu ya kumi ya milimita tu kila upande wa mahali pake, na punje zinaanza kuruka. Chini ya hapo zinalala. Mchele mzima wa mashine mpya ulianza kulala sambamba kando ya ukuta wa kifuniko, kisha safu ya pili nyuma yake. Mchele wa mashine ya chuma niliobakiza kutoka mwaka jana haukufanya hivyo. Chenga ziliingia baina ya punje ndefu na kila safu ikavunjika kabla ya kukaa.

Tangu hapo ndicho kipimo changu cha mchele, na kila mtu anaweza kukifanya bila spika. Tandaza gao moja kwenye sinia, safu moja, ligongegonge sinia ubavuni kwa kidole, polepole, dakika moja. Mchele mzima utauona unaelekeana. Wenye chenga nyingi utabaki vurugu.

Nije kwenye siku iliyoniudhi.

Mara ya pili nilipokwenda umeme ulikatika nusu ya kazi. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na kabla ya hapo tulikuwa tukiishi kwa majenereta ya Wesha, kwa hivyo sisemi mabaya juu ya waya huo. Lakini ukikatika, umekatika. Wakawasha jenereta lao na kuendelea, mpunga wangu ukiwa ndio uliomo. Nilisikia mlio wa mashine umeshuka, kama mtu anayeimba aliyechoka. Nikamwambia msimamizi. Akasema ni kawaida. Nilirekodi sauti kwa simu, kama nilivyorekodi siku ya kwanza.

Ijumaa mjukuu wangu aliuma jiwe kwenye wali. Nikauchagua mchele uliobaki: kwenye pishi moja nikapata mawe matatu na chuya zisizohesabika.

Nikakaa na rekodi zangu mbili, ile ya siku ya kwanza na ya siku ile. Siku ya kwanza trei ilikwenda na kurudi mara 74 kwa sekunde kumi. Siku ya jenereta mara 65. Mtu atasema tofauti ya tisa si kitu. Lakini nguvu ya mtikiso inafuata mraba wa kasi: kasi ikipungua kwa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi, nguvu ya mtikiso inapungua kwa karibu robo. Na msukumo wa upepo wa feni nao unafuata mraba wa kasi, kwa hivyo robo nyingine imekwenda hapo. Upepo ukipungua mpunga unakaa chini, unajibana, mawe hayapati nafasi ya kuzama mpaka kwenye bati, yanabebwa na mpunga kuteremka. Mawe yangu hayakupanda mlima siku ile. Mashine haikuharibika na hakuna aliyeiba. Mtikiso ulishuka chini ya kiwango, na mpango wote ukaondoka. Ukizidi nao ni vilevile, alivyosema mama, unaukoroga.

Nilirudi na mfuko wangu. Msimamizi kwanza alisema mawe ni ya uwanja wangu wa kupigia mpunga. Ni kweli mawe yalitoka kwangu, nilimwambia, lakini kuyatoa ndiyo kazi niliyoilipia. Hatukugombana, ila alinisikitisha kwa kutotaka kusikiliza sauti ya mashine yake mwenyewe. Aliyesikiliza ni yule fundi kijana. Nilimwekea rekodi mbili, moja baada ya nyingine, na uso wake ukabadilika hapohapo. "Mwalimu, roli ndizo zinazolichosha jenereta," akasema. Yeye ndiye aliyeliona, si mie. Roli za mpira zinakula nguvu nyingi, na zikiwashwa pamoja na trei, jenereta linashuka kasi na trei inashuka nalo. Tukakubaliana: siku ya jenereta, mpunga upitishwe kwanza kwenye trei ya mawe peke yake, roli zimezimwa, uwekwe kwenye mapolo, kisha ndipo ukobolewe. Ni kazi mara mbili kwao. Mchele wangu waliupitisha upya bure.

Mara ya tatu nilipeleka polo moja. Umeme ulikuwepo, lakini niliomba kitu kingine na naomba nanyi mkiombe: kile kinachotoka dakika za mwanzo kisiingizwe mfukoni, kirudishwe juu. Trei inapoanza haijajaa na mikanda mitatu haijatengana, kwa hivyo pishi ya kwanza daima ni mchanganyiko. Ukiwa wa kwanza asubuhi, mchanganyiko huo ni wako. Ukifuata mara moja nyuma ya mwenzako, trei imeshakaa sawa, lakini mtachangia punje kidogo pale mnapokutana, na kama yeye ana mbegu fupi na wewe una Supa utaziona. Mie nimechagua kuwa wa pili au wa tatu na kukubali punje za jirani. Siku hiyo nilichagua mchele wote, pishi kwa pishi, sikupata jiwe hata moja, na chuya zilikuwa nne.

Mengine kwa ufupi. Kivuli kipo, maji ya kunywa yapo, choo ni kisafi. Vumbi la pumba ni kali, mwenye pumu asiingie ndani, akae nje kabisa. Mizani iko mbele ya macho yako. Pumba wanakupa bila kuiombea, kumvi wanabaki nazo wao. Siku za mavuno foleni inaweza kukuchukua mpaka alasiri, na wanawake wenye watoto wanapishwa mbele, jambo nililolipenda. Fundi kijana ana mkono mzuri: nilimwona akibadilisha mwinamo wa trei kwa mpunga wa mzee mmoja uliokuwa na punje fupi, bila kuambiwa, kwa kutazama tu mikanda inavyokwenda. Kama yeye hayupo zamu, ningengoja siku nyingine.

Polo langu la mwisho bado liko uchagoni. Nimemwahidi yule msichana kwamba nikienda nitampitia, kwa sababu anataka kujua kama kipande cha kifuu kitapanda au kitateremka. Nimemwambia aniandikie jibu lake kabla hatujakitia.